Sogea Kibla

Mama alilivua Bega lake makaburini, Alhamisi moja baada ya sala ya alasiri, kwa sababu lilimwasha. Alilibandua shingoni kama plasta, akalitupia ndani ya mkoba, akajikuna kwa raha zake, kisha akainua uso na kulitazama kaburi la baba. Mimi na kaka yangu Mbarouk tulikuwa tumechutama tunang'oa majani.

"Mbona baba yenu kalala upande?" akauliza.

Mbarouk akanitazama, nami nikamtazama. Tulikuwa tukitazamana hivyo tangu mama alipoanza kutuita kwa majina ya marehemu. Daktari alikwisha kutuambia kuwa kumbukumbu zake zinavuja, na kwamba dawa ya kuziba bado haijapatikana.

"Hajalala upande, mama," Mbarouk akasema kwa upole. "Kalala kibla. Mimi mwenyewe nilikuwamo ndani ya kaburi, nikampokea."

"Kibla ya wapi? Kibla ile." Akanyoosha mkono, si kule makaburi yalikoelekea bali pembeni kabisa, juu ya mikarafuu michache iliyobaki ng'ambo ya bonde. "Huyu katazama kati ya kibla na matlai, kama mtu anayesubiri gari."

Nikalitamka neno kibla. Bega langu, kama lifanyavyo kuonyesha njia, likanigusa upande wa kulia, kidogo, na kidogo tena, mpaka mabega yangu yote mawili yakapata joto. Nilipotazama, nilikuwa nimesimama sawasawa na kaburi la baba na makaburi yote ya kilima cha Mtondooni, safu kwa safu. Mbarouk naye akatamka, akageuka, akasimama vilevile. Tulikuwa watu wawili, vifaa viwili, na makaburi yasiyohesabika. Mama alikuwa peke yake na kidole chake.

"Jua limekuchosha, mama," nikamwambia. "Twende nyumbani."

Mama alilishika jiwe la kichwani kwa baba, akalipangusa vumbi kwa kiganja. "Sogea kibla, Shaame," akasema, kisha akakubali kuondoka.

*

Maneno hayo niliyasikia utoto wangu wote, kupitia ukutani. Baba yangu alikuwa mtu mpole mchana na jeuri usingizini. Kitandani yeye alilala upande wa kibla na mama upande wa suheli, lakini usingizi ukimkolea tu, alikikata kitanda mshazari, miguu kule, kichwa juu ya mto wa mama. "Sogea kibla, Shaame, umenibana." Baba akiguna, akisogea, na baada ya muda utayasikia tena. Sisi watoto tulidhani ndivyo ndoa zote zinavyolala.

Kwa asiyekulia kwetu Pemba, inafaa nieleze. Makka kwetu iko kaskazini, kwa hiyo kaskazini wazee waliiita kibla, kusini suheli, mashariki matlai. Nyumbani kwa bibi Asaa, mzaa mama, kulia na kushoto vilikuwa vya mikono tu, wa kulia chakula na wa kujisafishia. Mengine yote yalikwenda kwa pande za dunia. "Niletee kikombe kile cha suheli." "Vuta mkeka matlai, mvua inaingia." Siku moja aliniambia nifute uso, nina unga shavu la matlai. Nikageuka kukimbilia kioo, na kwa kugeuka kule unga ukawa umehamia shavu la magharibi. Nililia sana. Nilidhani nimerogwa.

Na mchezo wetu ulikuwa ule wa kuzungushwa. Bibi alitufunga macho kwa kanga, akatuzungusha uani mpaka ulimwengu ukacheza, kisha akatuachia na kuuliza, "Kibla wapi?" Aliyenyoosha kidole sawa alipewa ukoko wa wali, ule wa chini kabisa, uliokolea nazi. Mimi nilikula ukoko mwingi. Sijui nilivyokuwa nikijua. Nilijua tu, kama unavyojua mkono wako uko wapi gizani. Kila nikiukumbuka ua ule hutamani kulia, maana ile ndiyo akili niliyozaliwa nayo, na sikumbuki hata siku iliponiondoka.

Nadhani iliondoka pale walipotuletea Bega skuli. Ukanda mwembamba wa kubandika nyuma ya shingo, wenye masikio mawili ya kufika mabegani. Unatamka unakotaka kwenda, nalo linakugusa: kulia, kata kulia, kushoto, kata kushoto, kote kuwili, umefika. Lilikuwa kama kushikwa begani na mtu mzima anayejua. Hakuna mtoto aliyepotea tena Pemba nzima, na wazazi walishukuru. Bibi Asaa peke yake alikataa kulivaa. Alisema yeye si kipofu wala si mbuzi, na alikufa bila kuvaa.

*

Tangu Alhamisi ile, mama alibadilika. Jambo la kwanza, alilivaa tena Bega, na hakulivua hata kitandani. La pili, aliacha kusema suheli na matlai. Nikimwuliza kipo wapi kisu, anasema, "Pale," na kuonyesha kwa kidevu, kwa wasiwasi, kama mgeni.

Asubuhi moja nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga imemteleza kichwani, ameinamia bega lake. Alikuwa akinong'ona, "Jikoni. Jikoni." Bega likamgusa, akainuka, akafuata. Jikoni kwenyewe ni hatua chache kutoka chumbani, katika nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi.

"Mama, wafanya nini?"

"Nakwenda jikoni."

"Huijui njia ya jikoni?"

Akasimama na kunitazama. Mama yangu, Bi Mize, ni mwanamke aliyewahi kumfukuza mpiga ramli uani kwake kwa mwiko. Sikuwahi kumwona akiogopa.

"Salha," akasema, na jina lilikuwa langu, hakukosea. "Nikisahau majina ya watu, nasahau, majina ni mengi. Lakini kibla sijaisahau tangu nizaliwe. Siku ile pale kaburini niliiona wazi kama nikuonavyo. Nyie mkasema sivyo. Basi kama ile si kibla, mimi sina kitu tena humu." Akajigonga kipaji. "Wewe wafanya kazi Ofisi ya Njia, kwa wenye haya Mabega. Nitazamie. Nani kapotea, mimi au baba yako? Unambie kweli, usinibembeleze."

Nikamwahidi. Niliahidi nikiwa na hakika kuwa nitarudi na jibu la kumhuzunisha, nimwambie kwa ulimi mtamu, yaishe.

*

Alasiri niliacha Bega langu juu ya meza na kuteremka kwenye msikiti wa bondeni. Huo ulijengwa zamani, kabla ya vifaa hivi, na mihrabu yake ya kuelekea kibla waliipima watu waliokuwa na macho. Nikasimama nje ya ukuta nikaelekea unakoelekea. Jua lilinikaa begani kwa kushoto. Ndipo nikasikia sauti ya bibi Asaa akitufundisha kutawadha: jua la asubuhi bega la kulia, la alasiri bega la kushoto, umeipata. Nilikuwa nimeisahau kabisa sentensi hiyo.

Kisha nikapanda kilima kwenda makaburini, nikapotea.

Naona aibu kulisema, lakini ndivyo. Njia niliyoipita mara chungu nzima sikuwa nimewahi kuiona. Nilifika njia panda, nikasimama, mabega yangu kimya, na kila njia ikanitazama kama haijapata kunijua. Nikaingia uchochoro, ukanitoa kwenye jaa. Nikarudi, sikupakuta pale nilipotoka. Mwishowe nikamwona mama mmoja anaanika nguo, nikamsalimu na kumwuliza njia ya makaburini.

"Makaburini," akaliambia Bega lake. Akangoja limguse. "Kulia."

"Kulia kwako au kwangu?"

Akanyanyua mkono, akausitisha, akageuka, akageuka tena. Tulikuwa tumeelekeana, na kulia kwake kulikuwa kushoto kwangu, nasi wote wawili hatukuwa na neno jingine la kuambiana. Tukacheka, kisha kicheko kikatufia. Kunielekeza kwa kidole hakuweza. Nilipozunguka nyumba yake niliona jiwe la kaburi la kwanza. Makaburi yalikuwa nyuma ya ukuta wake wa choo.

Nikasimama kwa baba na kuliweka jua begani kwa kushoto. Kwetu maiti hulazwa ubavu wa kulia, uso kibla, kwa hiyo kaburi hulala kutoka matlai kwenda magharibi, na uvuli wa alasiri ulipaswa kulala sambamba nalo. Uvuli wangu ulilikata kaburi la baba mshazari. Ulilikata na la jirani yake, na la jirani wa jirani, safu hadi safu.

Nikakaa chini palepale. Kwanza nilifurahi, na ni lazima niseme hivyo: mama yangu alikuwa mzima. Furaha ile ilidumu kwa muda wa kuvuta pumzi.

*

Bwana Khatib, mkuu wetu wa Ofisi ya Njia, si mtu mbaya. Ni mtu wa karanga na lugha laini, na wakubwa wa aina yake ndio wagumu kuwakatalia. Nilimweleza. Akaacha kutafuna, akafungua ramani mbili ukutani, ile ya wapimaji wa ardhi na ile inayotumiwa na Bega, akazilaza moja juu ya nyingine.

Hapo nikaelewa. Bega halijui kaskazini. Halikuwahi kuijua, kwa kuwa hakuna aliyedhani linaihitaji. Linajua njia tu, na njia za Mtondooni zinapinda kwa sababu kilima kile kilipoporomoka kwa mvua mtaa ulijengwa upya ukikizunguka. Ramani yenye mapindo mengi ni nzito kwa mashine, basi watu wa ofisi wa wakati ule waliinyoosha. Kila pindo waliloliondoa liliigeuza ramani kidogo. Hakuna aliyedhurika: ukiambiwa kata kulia unakata kulia, unafika kwako, unakula, unalala. Lakini mtu anapotamka kibla, Bega huisoma kutoka ramani ileile iliyonyooshwa, na kilimani pale ilikuwa imegeuka nusu ya njia ya kwenda matlai.

"Na hakuna aliyeona?" Bwana Khatib akauliza, nafikiri akijiuliza mwenyewe.

"Waliobaki wakijua ni wanawake wazee," nikasema. "Na wanawake hawaendi kuzika."

Mke wa Bwana Khatib yuko kule, safu ya nne kutoka lango. Akaziondoa ramani ukutani kwa upole kana kwamba zingevunjika.

"Tutairekebisha," akasema. "Ila kidogo kidogo, Bi Salha. Kila mwezi tunaigeuza kiasi ambacho mtu hawezi kukihisi. Makaburi mapya yatageuka polepole, jicho halitaona, na baada ya miaka michache kila mtu atakuwa anazikwa sawa. Bila kelele, bila vilio."

"Na walioko?"

"Walioko wako. Mashekhe hawatakubali wafukuliwe, na mimi nisingetaka. Sasa niambie, mji mzima ukalie upya maiti zake, kwa faida ya nani? Ukweli huu utamfaa nani?"

Swali lilikuwa la haki. Nililitafuta jibu kubwa, nikakosa.

"Utamfaa mama yangu," nikasema. "Anadhani ameharibika akili."

"Mama yako mgonjwa," akasema kwa huruma ya kweli. "Mwambie jua lilimchosha."

Sikumwambia kwamba nilikwisha kumwambia hivyo.

*

Mbarouk nilimkuta karakanani kwake, ana randa mkononi. Nilimaliza kueleza, naye akaendelea kuuranda ubao wake mpaka mwisho, akaiweka randa chini, akaitazama mikono yake.

"Mkono huu ndio uliomfungulia sanda," akasema. "Huu ndio uliomlaza shavu lake kwenye udongo. Niliuliza kibla mara mbili, Salha. Nilitaka uhakika. Nikamgeuza baba yangu mwenyewe kutoka kwenye kibla, kwa uangalifu."

"Hukujua."

"Sikujua. Na sasa najua, nawe ndiye uliyenijulisha." Alikuwa akilia bila kujificha, mtu mzima mwenye mvi. "Basi nakuomba jambo moja. Mama usimwambie. Mwambie kakosea. Si anasahau? Atasahau na hili. Mimi sitasahau. Akijua, kila akinitazama ataiona mikono hii."

"Anauliza Bega njia ya jikoni, kaka."

"Ana miezi mingapi ya kuishi? Mwache amalize kwa amani."

"Hiyo si amani. Anaogopa."

Akaiokota randa yake. Nami nilirudi nyumbani nikiwa na hasira naye, na huruma naye, na nikijua kuwa yeyote nitakayemchagua, mwingine nitamuumiza. Mtoto akitumwa na wazazi wawili mahali pawili, hukaa njiani akacheza. Mimi nilikaa njiani siku mbili. Kilichonitoa ni sauti ya mama alfajiri, ikiuliza Bega choo kiko wapi, kwa adabu, kama mtu anayeomba.

*

Nilimwambia baada ya chai, milango ikiwa wazi.

"Hujapotea, mama. Ulivyoonyesha ndivyo kibla ilivyo. Kilima kizima kimekosea. Baba kalala upande kweli."

Mama akapeleka mkono nyuma ya shingo, akalibandua Bega na kuliweka ndani ya kisahani cha chai kilichokuwa tupu.

"Maskini Shaame," akasema, na machozi yakamtoka. Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kanga. "Nilikwambia usinibembeleze, hukunibembeleza. Mungu akupe kheri." Na palepale, kwa sauti yake ya zamani ya amri, "Funga lile dirisha la matlai, upepo unanipiga."

Nikalifunga. Sikukosea dirisha.

"Atafukuliwa?" akauliza.

"Hafukuliwi."

"Vyema. Asisumbuliwe." Akafikiri. "Pale ubavuni kwake si mliniwekea mimi? Upande wa suheli?"

"Ndiyo, mama."

"Basi sikiliza. Mimi nilazeni kibla, kibla yenyewe. Nisilazwe upande eti nifanane naye." Pembe ya mdomo ikamcheza. "Yeye nitamwambia asogee. Si ndiyo kazi yangu miaka yote?"

Nikacheka na kulia kwa pamoja, naye akaniacha nimalize.

"Na Mbarouk anajua?"

"Anajua. Hakutaka ujue. Anasema utaiona mikono yake."

"Mjinga yule," mama akasema. "Kaniitie."

Mbarouk alikuja jioni, akasimama mlangoni kama amekuja kukamatwa. Mama hakumwambia neno la kaburi. Alimpeleka uani, akamfunga macho kwa kanga yake, mwanamume wa miaka hamsini na kitambi, akaanza kumzungusha. Alimzungusha mpaka yeye mwenyewe akakosa pumzi, ikabidi nimshike.

"Kibla wapi?"

Mbarouk akanyoosha mkono, akaonyesha banda la kuku.

"La. Tena."

Alikosea siku hiyo, na siku ya pili, na siku zote za wiki ile. Mama alizidiwa na maradhi, akawa anakuja uani kwa kushikwa, baadaye kwa kubebwa juu ya kiti, naye hakuacha. Siku nyingine alimwita Mbarouk kwa jina la mjomba aliyekufa zamani. Siku nyingine alisahau kwa nini mtu huyu amefungwa macho. Lakini kibla hakuikosa hata mara moja, na kila alipoionyesha sauti yake ilipata nguvu. Alimfundisha la jua begani. Alimfundisha kusikiliza upepo, na namna moto wa jikoni unavyonukia ukiwa suheli yako. Siku Mbarouk alipopatia mara ya kwanza hakuamini, akaomba azungushwe tena, akapatia tena. Nikamletea ukoko wa wali ndani ya sahani. Aliula wote amesimama, macho yamefungwa bado.

Mimi nilikwenda kwa shekhe wa msikiti wa bondeni. Ijumaa alisimama akawaeleza watu, akasema aliyejitahidi akakosea, jitihada yake haipotei. Sala walizosali kwa kufuata Bega zimo, na wafu wao wako kwa Mola anayejua walikotaka kuelekea. Wako waliolia, wako waliokuja kupiga kelele nje ya Ofisi ya Njia. Wako walionitukana mimi, kwamba nimewafufulia misiba. Sikuwalaumu. Ofisi ilitangaza kuwa inachunguza, nami nikaambiwa nisirudi tena kazini. Bwana Khatib alinisindikiza mpaka nje. Tulipofika mlangoni aliniuliza kwa sauti ya chini jua la alasiri linakaa bega lipi. Nikamwambia.

*

Mama alifariki asubuhi, usingizini, upande wake wa suheli wa kitanda. Tulimwosha mimi na wanawake wa mtaa. Baada ya sala ya alasiri wanaume walilibeba jeneza, sauti zao zikapanda kilima zikififia, na sisi tukabaki ndani na ubani, kama kawaida yetu, tukisubiri tuambiwe yamekwisha.

Nilikaa juu ya kitanda chake nikitazama dirisha. Jua lilikuwa upande wa magharibi. Niligundua kuwa nimelitafuta bila kufikiri, na kwamba najua waliko: juu, kibla, kidogo kuelekea matlai. Ningeweza kuwaonyesha kwa kidole nimefumba macho.

Walirudi karibu na sala ya magharibi. Mbarouk alikuja moja kwa moja chumbani, magoti yake mekundu kwa udongo, shingo yake tupu. Akaketi kando yangu.

"Wapo waliobishana," akasema. "Mabega yao yanavuta kulekule kwa zamani. Nikawaambia wavue. Shekhe akavua wa kwanza. Nikasimama na jua begani, nikawaonyesha pa kuchimba, wakachimba. Nimeingia mimi. Nimemlaza mimi." Akaitazama mikono yake, kisha akaiweka magotini, ikatulia. "Kalala kibla, Salha. Najua kwamba ni kibla. Hakuna aliyeniambia."

Nikamshika mkono.

"Ila kuna jambo," akasema. "Kwa sababu yeye kanyooka na baba kalala mshazari, makaburi hayakwenda sambamba. Miguuni yameachana kabisa. Vichwani yamekaribiana, yaani baba kichwa chake kimeingia mpaka kwa mama, hapana nafasi hata ya kupitisha jembe. Wachimbaji walitaka kulisogeza la mama suheli kidogo, kisha nikawakataza, sasa sijui kama nimefanya sawa."

Niliutazama mto wa mama. Kwa miaka yote ile ulikuwa na mashimo mawili ya vichwa, na hata baada ya baba kufariki mama aliendelea kulala pembezoni mwake, akiacha nafasi.

"Mwacheni mama hapohapo," nikamwambia. "Atamsogeza mwenyewe."